Maswali ya Nasike

Kanduyi, Bungoma
8 Februari 2004

Kwako Baba Nasike,

Pokea salamu zetu. Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo linanisumbua na halisemi nimelikosea nini. Mvua bado. Shamba tumelitayarisha na tunaangalia juu kama kuku. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume. Mimi nilitaka jike, lakini sikuulizwa. Mwanao anarefuka. Sketi ya mwaka jana tumeishusha pindo mpaka pindo lenyewe likaisha.

Najua utashtuka kuona mwandiko wangu. Tangu umwoe binti yangu, mimi na wewe hatujapeana mkono wala kukaa chumba kimoja, kama desturi yetu inavyotaka kwa mkwe na mama mkwe. Salamu zetu zilikuwa zinapita kwake. Sasa ni miaka mitatu tangu tumzike na hakuna wa kuzipitisha. Jirani ananiambia nipige simu pale kibandani, lakini sauti ya mkwe ndani ya sikio langu naona si heshima. Kalamu ni afadhali.

Jambo lenyewe ni hesabu. Nasike yuko darasa la sita na amepewa kazi ya nyumbani: 1/2 + 1/3. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, enzi za futi na ratili, na nilikuwa hodari. Nikamwambia hiyo ni rahisi. Nikajumlisha ya juu na ya juu, ya chini na ya chini, tukapata 2/5. Mwalimu akatupiga alama ya kosa kubwa kama jembe. Mtoto amerudi na uso mrefu, na mimi sijaona kosa liko wapi mpaka leo.

Wewe unafundisha hesabu watoto wa watu huko Kachibora. Huyu ni wako. Tusaidie.

Ni mimi,
Mama Peris


Kachibora, Kitale
25 Februari 2004

Kwa Mama mheshimiwa,

Barua yako nimeipokea kwa mikono miwili. Nashukuru kusikia mko wazima na pole kwa goti. Huku ni baridi asubuhi na vumbi mchana. Shule yetu imepata wanafunzi wengi mwaka huu, kwa hiyo kazi ni nyingi. Mimi mwenyewe sijambo.

Kuhusu hesabu: kosa lenu hufanywa na watu wengi, hata wanafunzi wangu wa sekondari. Tufikirie chapati. Mtu ana nusu ya chapati. Anaongezewa theluthi. Ninyi mmesema sasa ana 2/5. Lakini ukikata chapati vipande vitano, nusu yake ni vipande viwili na nusu kipande, kwa hiyo 2/5 haifikii nusu. Yaani mtu alikuwa na nusu, akaongezewa, akabaki na pungufu. Huyo ameibiwa.

Namba ya chini haijumlishwi kwa sababu inasema tu ukubwa wa kipande. Kwanza fanya vipande vilingane. Kata chapati vipande sita. Nusu ni vipande vitatu. Theluthi ni vipande viwili. Jumla ni vitano kati ya sita, 5/6. Nimeambatisha karatasi yenye michoro na maswali mengine kumi ya kujaribu, ili Nasike aelewe.

Msalimie.

Wako katika heshima,
Hesbon Wakoli


Kanduyi
4 Aprili 2004

Kwako Baba Nasike,

Tunakusalimu kwa furaha. Mvua ilikuja, na ilikuja kwa hasira. Iling'oa bati moja la zizi. Mahindi yameshaota. Nilimuuza yule ndama. Mama mchungaji amejifungua mapacha na kanisa zima limechanganyikiwa ni yupi ni yupi.

Chapati yako ilitusaidia. Nilipika moja kubwa, tukaikata sita kama ulivyosema. Nasike akahesabu nusu, akahesabu theluthi, akavila vyote vitano. Kile cha sita akanisukumia akasema, "Hiki ndicho kimebaki, kukhu. Hesabu imekubali." Mimi nyanya yake nilipika, nikakata, nikapata 1/6. Lakini nimeelewa. Maswali yako yote kumi niliyafanya mimi mwenyewe jioni na nilikosa moja tu, ambalo bado naona swali lilikaa vibaya.

Karatasi yako ameikunja ndani ya Biblia yake. Anaisoma kuliko hiyo Biblia. Nimemkemea, lakini si sana.

Sasa kuna ya sayansi. Wameulizwa kwa nini maji ya mtungi wa udongo huwa baridi kuliko ya ndoo ya plastiki. Nikamwambia ni kwa sababu udongo wenyewe ni baridi, hilo hata mbuzi anajua. Akaniangalia kwa huruma. Akasema, "Tumwandikie baba."

Shule zinafungwa wiki hii. Amefua ile gauni ya manjano na kuianika mapema, kabla sijamwambia afue kitu chochote. Sijui anaitayarishia nini. Nakueleza tu.

Ni mimi,
Mama Peris


Kachibora
2 Mei 2004

Kwa Mama mheshimiwa,

Nawasalimu nyote. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Hongera kwa mvua, na pole kwa bati. Huku tumepanda na palizi la kwanza liko karibu. Hongera pia kwa mapacha wa mchungaji.

Mtungi ni swali zuri. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo sana visivyoonekana. Maji hupenya polepole mpaka nje, ndiyo maana mtungi huwa na unyevu ukiugusa. Yale maji ya nje yanakauka kwa upepo na kugeuka mvuke. Ili yageuke mvuke yanahitaji joto, na joto hilo yanalichukua kwenye mtungi wenyewe na maji yaliyomo. Kwa hiyo ya ndani yanabaki baridi. Ni kama mtu aliyetoka kuoga akasimama penye upepo. Plastiki haina vitundu.

Afanye jaribio. Ajaze maji chupa mbili zinazofanana, moja aizungushie kitambaa kilicholowa, aziweke kivulini penye upepo. Baada ya saa moja aguse zote mbili.

Nimempa Jairus, jirani yako anayekuja huku kununua mahindi, kisanduku cha vifaa vya jometri akiletee Nasike. Bikari ina ncha kali, awe mwangalifu.

Likizo ya Aprili ilinipita. Walimu wa hesabu tuliitwa kwenye mafunzo Kitale mjini. Labda Agosti.

Wako katika heshima,
Hesbon


Kanduyi
20 Juni 2004

Kwako Baba Nasike,

Salamu kutoka kwetu sote, na kutoka kwa goti ambalo sasa limemwambukiza mwenzake. Palizi la pili limekwisha. Kunguru wamekula vifaranga wangu wote isipokuwa mmoja ambaye naona hata kunguru hawakumpenda.

Chupa yenye kitambaa ilikuwa baridi kweli. Nasike aliitembeza kwa majirani wote waiguse. Kisanduku kilifika na bikari imeshanichoma mimi, si yeye.

Jairus alikaa hapa kidogo akanywa chai. Alisema ulimkaribisha vizuri. "Mama, hiyo nyumba siku hizi iko na mapazia, bana. Na chai nilipewa kwa kikombe iko na sahani yake." Mimi sikuuliza kitu. Nilifurahi tu kwamba unatunza nyumba.

Jambo linaloniumiza ni masomo ya huyu mtoto. Anadidimia. Kila siku ananiletea hesabu zilizomshinda, na si moja, ni karatasi nzima. Eneo, sehemu, kuzidisha, kugawanya. Nikijaribu kumsaidia anasema njia yangu ni ya zamani na kwamba baba ndiye anaweza. Nimekusanya zote nimekutumia. Utaona mwenyewe makosa yalivyojaa. Nisaidie kabla hajazoea kushindwa.

Halafu aliniuliza Agosti ni lini. Nikamwonyesha kwenye kalenda ya kanisa.

Ni mimi,
Mama Peris


Kachibora
11 Julai 2004

Kwa Mama mheshimiwa,

Nawasalimu, na pole sana kwa vifaranga. Sisi huku tunajiandaa kwa mitihani ya muhula.

Nimezisahihisha karatasi zote. Zimo humu ndani, nimeandika maelezo pembeni kwa wino mwekundu. Usishtuke, ni mazoea ya kazi.

Lakini kuna jambo sijalielewa. Tazama ile hesabu ya shamba lenye kipande kilichokatwa pembeni. Aligawa umbo vizuri. Akazidisha 24 mara 15, akapata 360, jambo ambalo wengi wa darasa la sita hulihangaikia. Kisha alitakiwa tu kutoa 60, na akaandika 290. Tazama pia ile ya kugawanya sehemu kwa sehemu. Sehemu ya pili aliigeuza juu chini kama inavyotakiwa, na hapo ndipo watoto huanguka. Halafu akaandika kwamba mbili mara tatu ni tano. Karatasi nzima iko hivyo. Panapoteleza amepita, pakavu ameanguka.

Labda ana haraka. Labda ni macho. Tafadhali apelekwe apimwe. Na ukiweza nitumie daftari lake la shule, lile lenye alama za mwalimu wake, nione anavyofanya darasani.

Kuhusu Agosti, sina hakika. Nitajitahidi.

Wako,
Hesbon


Kanduyi
29 Agosti 2004

Kwako Baba Nasike,

Salamu. Tumevuna maharagwe.

Macho hayana shida. Huyu mtoto anaona chawa kwenye kuku wa jirani akiwa amesimama kwetu. Daftari la shule liko shuleni, haliwezi kutumwa.

Agosti imekwisha. Gauni ya manjano ilifuliwa tena. Siku tatu za kwanza alikaa langoni akisema anachunga kuku, na kuku wenyewe walikuwa nyuma ya nyumba. Baadaye aliacha kukaa langoni, na hilo ndilo nimeshindwa kulitazama.

Amenipa karatasi hii nikutumie. Nimeifunga kama alivyonipa.

Mama Peris


Kachibora
12 Septemba 2004

Mama,

Nawasalimu. Leo sina habari za mvua wala za shamba.

Karatasi ya Nasike ilikuwa na swali moja tu. Naliandika hapa kama alivyoliandika yeye, kwa sababu sijui kama ulilisoma. "Mtu anaondoka Kitale saa mbili asubuhi. Anasafiri kilomita 40 kwa saa. Kanduyi ni mbali kilomita 80. Atafika saa ngapi?" Chini yake ameonyesha njia, safi kabisa: 80 gawanya kwa 40 ni 2, saa mbili jumlisha masaa mawili ni saa nne. Halafu kwenye mstari wa jibu ameandika: "Hafiki."

Nilikuwa nimeifungulia chumba cha walimu. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji mpaka kengele ikalia, na kipindi changu kikapotea.

Hakuna kitabu chenye swali hilo, Mama. Amelitunga. Nadhani nyingi katika zile alizotuma amezitunga mwenyewe, na makosa pia ameyatunga, moja moja, akichagua mahali pa kukosea ili nipate cha kusahihisha. Mtoto ambaye hajui hakosei namna ile. Namna ile hukosea mtu anayejua jibu. Aligundua kwamba akipata yote barua haiji.

Nimefanya kazi ya ualimu miaka mingi na nilifikiria macho.

Sasa nikwambie ninachoogopa kukwambia. Siji huko kwa sababu kila nikifika nitakuwa nimebeba habari ambayo sikujua niiweke wapi. Kuna mwalimu mwenzangu hapa, anaitwa Chepkorir. Mapazia ni yake. Ni mtu mpole na tunataka kuoana mwakani. Mama yake Nasike, Joan, hajatoka moyoni mwangu. Naandika jina lake hapa ili ujue siogopi kulitamka. Niliogopa utasema nimemfuta.

Na la pili: naomba Nasike aje kukaa nami kuanzia Januari. Ni mwanangu na nimechoka kuwa baba wa wino mwekundu.

Nasubiri neno lako, hata likiwa kali.

Hesbon


Kanduyi
24 Oktoba 2004

Kwako Baba Nasike,

Salamu zipo, ila leo ni fupi. Nilikaa na barua yako muda mrefu kwa sababu kila nilipoanza kujibu nilikuwa natukana, na nikakumbuka wewe ni mkwe.

Ulidhani umenifunulia siri. Nilijua tangu mwezi wa tano. Nilimkuta nyuma ya nyumba amewaketisha watoto wa jirani yetu Wekoye kwenye gogo, anawafundisha hesabu zile zile alizoniambia zimemshinda. Anafundisha vizuri. Ana ukali wako. Na muhula uliopita alikuwa wa kwanza darasani, ndiyo sababu daftari la shule halikutumwa.

Swali la safari pia nililisoma. Mimi ni nyanya yake, napataje kufunga karatasi bila kuisoma.

Basi utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Barua zako zilinitosha. Yeye alikuwa anapata baba, na mimi nilikuwa nabaki na mtoto. Ukija mwenyewe, niliona utaondoka naye. Na sasa unaomba hilo hilo.

Kuhusu huyo binti, nilishaambiwa na Jairus. Hata rangi ya mapazia naijua. Nililia siku moja. Siku ya pili niliwaza kwamba mwanamume wa umri wako hawezi kuzeeka na sufuria moja na redio. Joan hakufutwa. Namwona kila asubuhi akichana nywele na kukasirikia kitana, ila sasa ana miaka kumi na miwili na anaitwa Nasike. Ndiyo maana hilo la Januari ni gumu kwangu. Ulimleta kwangu hajui hata kujifulia sketi. Homa zote za usiku nimekaa mimi. Sasa amekuwa mtu wa kuzungumza naye, ndiyo unamtaka.

Lakini siwezi kumwangalia tena akichunga kuku wasiokuwepo.

Njoo Desemba. Desturi iko pale pale: wewe sebuleni, mimi jikoni. Chakula atakuletea yeye. Usije na begi tupu la kubebea nguo zake, kwa maana nitaliona kutoka mbali. Njoo ukae naye kwanza. Muulize mwenyewe, na uulize polepole.

Mama Peris


Kachibora
14 Desemba 2004

Mama mpendwa,

Nawasalimu, na nashukuru kwa kuku, kwa mboga ya mrenda, na kwa ugali ambao ulikuwa ukiletwa mwingine kabla sijamaliza wa kwanza. Nilifika salama. Jairus alinicheka njia nzima kwa sababu nilikuwa nimeshiba kiasi cha kushindwa kuinama.

Ulikuwa jikoni, kwa hiyo acha nikusimulie ya sebuleni. Nasike alinipokea langoni kwa gauni ya manjano ambayo sasa inambana. Alinipa mkono kama mwenyekiti wa shule. Tulikaa mezani, na hakuna aliyejua aanze vipi. Nikasema, "Leta daftari." Nikamwandikia hesabu moja, akapata. Ya pili akapata. Nikamwandikia ngumu zaidi, na zote akazipata, lakini kila akimaliza alikuwa ananitazama usoni haraka. Nilichelewa kuelewa. Alikuwa anangoja kuona kama nitasimama niondoke, kwa kuwa hapakuwa na kosa la kusahihisha. Nikavua koti nikalitundika. Nikampa za darasa la saba.

Tulipofika kwenye asilimia ndipo nikasikia sauti kutoka jikoni: "Mwalimu, hapo umekimbia. Rudia."

Mama, tangu nioe kwenu sijawahi kusikia neno lako likinielekea mimi. Nilisimama wima kama mtoto wa shule. Nasike aliangua kicheko mpaka akaweka kichwa mezani. Nikarudia, kwa sauti kubwa, nimeuelekea ukuta. Ukauliza kama asilimia hamsini ni ile ile nusu ya chapati, nikasema ndiyo, ukasema, "Basi wangesema nusu."

Jioni nilimwambia habari za Chepkorir. Aliuliza kama ni mkali. Kisha nilimuuliza kuhusu Januari, polepole kama ulivyoniagiza. Alisema atafikiria.

Kwa hiyo naliacha kwako. Sitaki aje huku kama mtu aliyenyakuliwa. Ukisema abaki, atabaki, na mimi nitakuwa nakuja huko kila mwisho wa mwezi, likizo au si likizo. Nimeshamwambia hivyo mwalimu mkuu wetu.

Kile kibuyu cha maziwa kilitoka kwa Chepkorir. Kwao mtu wa heshima hupelekewa mursik, maziwa ya mgando yenye majivu. Aliogopa hutayapenda.

Wako,
Hesbon


Kanduyi
2 Januari 2005

Kwako Hesbon,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Chepkorir. Sisi tuliuona mwaka tukiwa kanisani, na mapacha wa mchungaji walilia kwa zamu mpaka alfajiri. Mahindi yako kwenye ghala. Goti limetulia kidogo, nadhani limechoka.

Mwambie Chepkorir kwamba glasi ya kwanza ya maziwa yake nilikunja uso, kwa sababu hatukuzoea majivu ndani ya maziwa. Ya pili nilinyamaza. Ya tatu nilijimiminia mwenyewe. Kibuyu kinarudi na njugu ndani, hatukirudishi kitupu. Mwambie pia kwamba mimi sina ugomvi naye. Akitaka kujua kitu chochote kuhusu mtoto, aniandikie. Yeye si mkwe, hata anaweza kunipigia simu.

Njoo Jumamosi umchukue Nasike. Safari hii njoo na begi.

Nakwambia mambo machache ili yasikushtue. Yeye hali maini, na ukimlazimisha atayaficha mfukoni. Akiwa na homa hasemi. Utamjua kwa sababu anakuwa na adabu kupita kiasi. Nywele zake asizikate mtu mpaka yeye mwenyewe aseme. Mtu akimwambia anafanana na mama yake, atatoka nje. Mwacheni atoke, lakini mmoja wenu amfuate baada ya muda, asiongee, akae tu karibu. Likizo ni zangu. Aprili, Agosti na Desemba nitamngoja, na ole wako unitajie mafunzo ya walimu.

Nimekaa juzi na jana nikimkunjia nguo. Nimezikunja, nimezikunjua, nimezikunja tena. Nyumba hii sijui nitaifanya nini. Niliamka asubuhi kuchemsha chai nikaweka vikombe viwili, nikajiambia wewe Peris, karibuni ni kimoja, zoea. Silii kwa ajili ya kukufanya ubadili nia. Nalia kwa sababu ni mtoto wangu wa mwisho kulea na amelelewa vizuri.

Nakuja kwenye jambo ulilonificha. Uliandika kwamba alisema atafikiria. Wewe ni mwalimu mzuri, Hesbon, lakini uongo haukukai. Umesahau kwamba ukuta wa jikoni yangu haufiki kwenye mabati. Nilikuwa nasonga ugali. Nikasikia umemuuliza, nikaacha mwiko. Akakwambia kwa sauti ndogo, "Baba, nataka kuja. Lakini usiambie kukhu nimefurahi."

Asante kwa kunificha. Nimeona ulivyonihurumia.

Mwambie kukhu alisikia, na kwamba naye amefurahi. Hilo la pili bado si kweli, lakini wewe mwambie hivyo hivyo.

Mama yenu,
Peris